Mjadala: Japani inazeeka na kupungua, ila wageni haiwataki. Ina haki?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka juzi niliagiza Vitz yangu kutoka Japani. Siku ya kuitoa bandarini nikakuta kwenye buti kumebandikwa kidude cha sumaku chenye umbo la jani lenye pande nne: kijani iliyokoza, kijani hafifu, njano na rangi ya chungwa. Nikadhani urembo, nikakiacha. Rafiki yangu aliyesoma huko alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni alama ya madereva wenye miaka 70 na kuendelea, ili wenzao barabarani wawavumilie. Yaani natembelea gari la babu wa watu.

Tangu siku hiyo naifuatilia hiyo nchi. Mwaka 2008 Wajapani walikuwa kama milioni 128. Sasa wako kama milioni 123, tena hapo wamehesabiwa na wageni. Karibu watu 3 katika kila 10 wamevuka miaka 65. Mwaka 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa hawakufika hata laki 7. Kampuni ya Oji iliacha mwaka huohuo kutengeneza nepi za watoto kwa soko la Japani, ikaegemea nepi za wazee. Mfanyabiashara hadanganyi kwenye hesabu yake.

Halafu mnakumbuka sakata la Nagai, Agosti 2025? Shirika lao la misaada, JICA, lilitangaza kuuoanisha mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, na Tanzania yetu. Miji mingine mitatu ikapewa Naijeria, Ghana na Msumbiji. Lengo lilikuwa kubadilishana uzoefu tu, lakini huku kwetu vikatoka vichwa vya habari kana kwamba tumegawiwa mji, na kule wananchi wakapandwa na hasira, simu zikamiminika ofisi za halmashauri. Septemba mpango ukafutwa. Hata mtu mmoja hakuwa ameshuka kwenye ndege.

Msimamo wangu: wanahitaji watu na wanajua, wanachokataa ni kulitaja neno "wahamiaji". Karibuni.

Mchangiaji wa 1:

Mkuu, unamtetea mgeni kwa sababu mgeni ni wewe. Angalia ramani kwanza. Japani ni kilomita za mraba kama 378,000, haifiki hata nusu ya Tanzania, na watu wake ni karibu mara mbili yetu. Theluthi mbili ni misitu, milima mitupu. Watu wamebanana kwenye tambarare chache za pwani. Tokyo na viunga vyake peke yake ni kama milioni 37. Chakula wanachozalisha wenyewe hakifiki asilimia 40 ya kalori wanazokula, mafuta na gesi karibu yote wanaagiza kwa meli. Nchi ya namna hiyo ikipungua watu, mimi naona ni ahueni. Kwani nani amesema lazima wawe milioni 128?

Mleta mada:

Ingekuwa wanapungua sawasawa ningekuelewa. Wanaobaki ni wazee, na Tokyo haipungui kama vijiji. Hesabu yao ya 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina watu. Chukua Yubari, mji wa makaa ya mawe kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini: mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya laki moja, migodi ikafungwa, mwaka 2007 mji wenyewe ukatangazwa kufilisika, leo hawafiki 7,000. Mabomba ya maji ni yaleyale, barabara zilezile, theluji ya kuzoa ileile. Nani analipa? Na serikali kuu ina deni linalozidi mara mbili ya pato la taifa.

Mchangiaji wa 2:

Mashine zipo. Hao ndio wenye viwanda vya Fanuc na Yaskawa, nchi nyingi zinanunua roboti zao.

Mchangiaji wa 3:

Roboti inapiga rangi mlango wa gari, sawa. Mzee wa miaka 88 aliyejichafua saa nane usiku je? Nauliza kwa sababu ndiyo kazi ninayojiandaa nayo. Najifunza Kijapani, mtihani mwezi ujao. Viza yenyewe ilianza 2019, unaruhusiwa hadi miaka 5, mke na watoto unawaacha kwenu. Ile ya zamani, ya "mafunzo kwa vitendo", ipo tangu 1993, na ukionewa na mwajiri kuhama ni shughuli pevu. Wameshapitisha sheria ya kuibadili kuanzia 2027. Wageni wote mwishoni mwa 2024 walikaribia milioni 3.8. Kwa hiyo mjadala wa "waingie wasiingie" umeshapita, wamo ndani.

Mchangiaji wa 1:

Na ndiyo maana kile chama cha "Wajapani kwanza", Sanseito, kiliokota viti 14 kwenye uchaguzi wa Julai 2025. Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mgeni wake.

Mleta mada:

Haki anayo, sibishi. Ila akumbuke ya Wabrazili. Mwaka 1990 walilegeza sheria wakawaita wajukuu wa Wajapani waliohamia Brazili, wakaenda kuunga magari viwandani. Uchumi ulipoyumba, 2009 serikali ikawapa wasio na kazi yeni 300,000 kila mmoja warudi kwao, kwa sharti la kutorudi kwa viza ileile. Hao ni damu yao! Sasa huyu kijana wetu anayekwenda kuosha wazee akizeeka yeye itakuwaje? Ninachodai ni hicho tu: ukimwita mtu akulelee mama yako, mpe njia ya kukaa na mwanawe.

Mchangiaji wa 3:

Mimi miaka 5 inanitosha, nijenge nirudi. Msinigombanie.

Mchangiaji wa 2:

Mleta mada, kile kidude bado kipo kwenye Vitz?

Mleta mada:

Kipo. Daladala zinanipigia honi vilevile.