Mchanga unashuka, jabali linaliwa chini: nianzie wapi?

Mbezi_Baharini ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa wanaoijua bahari. Kiwanja kiko kati ya Mbezi na Kunduchi, Dar, kinatazama mashariki. Jirani wa upande wa kusini amejenga ukuta wa zege uliosimama wima. Msimu wa kusi uliopita mchanga mbele yetu ulishuka mpaka mizizi ya minazi ikabaki nje, na pale ukuta wake unapoishia maji yamechimba kuingia kwetu. Kona ya kaskazini ni jabali la matumbawe, kimo kama mita 4, limeliwa chini na juu linaning'inia.

Mchanga utarudi wenyewe? Nijenge ukuta kama wa jirani au niweke mawe ya kwenye nyavu? Na ule uwazi chini ya jabali niujaze zege? Fundi ameshanipa bei, anataka aanze wiki ijayo.

---

Mpima_Pwani amejibu:

Mkuu, fundi asubiri kwanza.

Mchanga wa pwani yetu hautulii. Upepo wa kusi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, unaleta mawimbi ya mshazari kutoka kusini-mashariki na kuusukuma mchanga kwenda kaskazini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, unaurudisha, ila si wote, kwa sababu kusi ina nguvu zaidi na inadumu zaidi. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya mwaka mzima, mchanga wako unatoka kusini. Chochote kinachoushika huko kinakupunja wewe uliye kaskazini. Na mchanga wa upande huo wa Dar kwa asili huletwa na mito kama Mbezi na Tegeta, tofauti na ule mweupe wa Paje na Jambiani kule Unguja unaotokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Mchanga ukichimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, ufukwe nao unakosa mgao wake. Kunduchi hilo lina miaka mingi.

Mawimbi ya kusi ni mafupi, yaani yanafuatana kwa karibu, na yana mwinuko mkali. Yanagonga ufukwe ambao tayari umelowa, maji hayapati pa kunywea, yanarudi kwa kasi yakiukokota mchanga hadi kwenye fungu lililo chini ya maji. Bahari ikitulia, mawimbi marefu ya taratibu yanaupandisha tena kidogo kidogo. Kwa hiyo kuona ufukwe umeshuka Septemba hakukuambii kitu. Linganisha Machi na Machi.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zipige alama kila sentimita kuanzia juu kwenda chini, kisha zifunge kamba ya mita 2 kati yake. Pigilia kipande cha nondo ndani ya zege mahali ambapo maji hayafiki; hapo ndipo utakapoanzia kila mara. Fito moja isimame kwenye nondo, nyingine mita 2 kuelekea baharini. Simama nyuma ya fito ya nchi kavu, ulinganishe ncha ya fito ya mbele na mstari wa upeo wa bahari. Pale mstari huo unapokata fito iliyo karibu nawe, soma: ukikuta 12, ufukwe umeshuka sentimita 12 katika mita 2 hizo. Kama mbele kunapanda, unaangalia juu ya ncha ya fito ya nyuma na kusoma ya mbele. Sogea, rudia mpaka ufike majini.

Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yakiwa yamekupwa. Pwani hii bamvua hukupwa kama saa nne na kujaa kama saa kumi, kwa hiyo asubuhi kuna mwanga wa kutosha. Kosa la wengi ni fito kuzama kwenye mchanga mlaini. Weka kibao kidogo chini ya kila moja.

Halafu piga hesabu hii kabla hujafikiria kununua mchanga. Mita 100 za ufukwe wenye upana wa mita 30 zikishuka nusu mita, umepoteza mita za ujazo 1,500. Lori la mita za ujazo 7 litakwenda safari zaidi ya 210, na bila kuondoa sababu, kusi moja inaweza kuuchukua wote.

---

Jiwe_la_Kale amejibu:

Naongezea la jabali, maana hapo watu wengi wanapoteza hela.

Hilo jiwe ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai chini ya maji miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu kuliko leo. Ni hilohilo unaloliona Oysterbay, Mombasa na Nungwi. Ni chokaa, na adui zake ni wengi. Kati ya usawa wa maji kupwa na kujaa kuna konokono na wadudu wa baharini wanaokwangua mwani wakila na jiwe lenyewe, na wengine wanalitoboa kwa ndani. Rasharasha za chumvi zinaingia kwenye vinyweleo, zikikauka fuwele zinakua na kubandua chembe. Mvua nayo, kwa kuwa ina asidi kidogo, inayeyusha uso wa juu. Ndiyo yale meno makali yanayokata ndala. Mchanga ukirushwa na wimbi unasugua kitako.

Kazi hiyo yote kwa mwamba wa namna hii wa nchi za joto ni kiasi cha milimita 1 kwa mwaka. Huko kuliwa chini peke yake hakutakuangusha kesho. Kinachoangusha ni nyufa. Tembea juu ya jabali utafute ufa unaokwenda sambamba na ukingo. Ukiupata, choma misumari miwili ya chuma kisichoshika kutu, mmoja kila upande, pima umbali kati yake kwa kipimo cha milimita na uandike tarehe. Ukipanuka, hasa baada ya masika, ondoa watu juu na chini. Maji yakiwa yamekupwa, pima urefu wa sehemu inayoning'inia kutoka kwenye ncha hadi ndani kabisa, uongeze umbali wa ufa wa mwisho. Ndani ya umbali huo, juu ya jabali, usiweke tangi la maji, jiko wala gari.

Angalia pia kama chini ya jiwe kuna tabaka la udongo au mchanga laini. Likiwepo, sahau ile milimita 1. Mawimbi yatalikwangua tabaka hilo haraka na jiwe litabaki hewani.

Zege la kujazia kwa kawaida halishiki. Jiwe lina chumvi na vinyweleo, zege ni gumu na halipumui, maji yanapita nyuma yake, hewa inayobanwa na wimbi ndani ya nyufa inasukuma, na baada ya misimu michache unabaki na bonge la zege lililoanguka mbele na uwazi mkubwa nyuma. Mhandisi akikuambia lazima nguzo ijengwe, sawa, ila nondo zifunikwe kwa zege la milimita 75 angalau, na isitumike tone la maji ya bahari wala mchanga wa ufukweni. Chumvi ikifika kwenye nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka.

---

Gabioni_Fundi amejibu:

Kuhusu ukuta wima: usijenge. Wimbi likigonga uso uliosimama linarudishwa karibu lote, linachimba mchanga mbele ya msingi. Ufukwe ukishashuka, maji mbele ya ukuta yanakuwa na kina zaidi, na wimbi kubwa zaidi linafika, kwa kuwa wimbi la mita 1 huvunjika likifikia kina cha kama mita 1.3. Hiyo ndiyo hesabu ya mwamba wa matumbawe ulioko nje baharini pia: maji yakiwa nusu mita juu yake, mawimbi makubwa yanaishia huko; bamvua ikijaa yanapita yote. Uharibifu mwingi hutokea katika saa mbili tatu hizo.

Shimo lako la kwenye mpaka ni la kawaida pale ukuta unapoishia. Na wewe ukijenga, atakayechimbiwa ni jirani wa kaskazini.

Nyavu za mawe zinafaa mahali palipojificha, si mbele ya wimbi la kusi. Ukizitumia, waya uwe na zinki na juu yake plastiki. Wenye zinki tupu chumvi itaumaliza mapema. Kwa tundu la sentimita 8 kwa 10, mawe yawe ya sentimita 10 hadi 20, yapangwe kwa mkono na kubanwa. Mawe yanayocheza ndani yanasugua plastiki, waya mmoja unakatika, boksi zima linamwagika. Jiwe la matumbawe ni jepesi na linalika, tafuta gumu zaidi.

Kinachovumilia zaidi ni mteremko wa mawe makubwa yaliyolegea, mita 1 juu kwa mita 2 mbele, tabaka mbili, chini yake kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa, mchanga unanyonywa katikati ya mawe na mteremko wote unazama. Uzito wa mawe upigiwe hesabu na mhandisi. Ncha zote mbili zipindwe kuingia nchi kavu.

Na kuna sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Pita kwanza NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira.

---

Mbezi_Baharini amejibu:

Ahsanteni sana. Kwa sasa nimepanga viroba vya mchanga kwenye lile shimo la mpakani. Na shimo la maji taka liko mita 5 hivi kutoka ukingo wa jabali, lina tatizo?

---

Jiwe_la_Kale amejibu:

Lina tatizo kubwa kuliko viroba. Maji yake yanashuka kupitia nyufa na kuzilegeza, na uchafu unatokea ufukweni. Lihamishie nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Maji ya mvua ya paa yapelekwe nyuma kwa bomba pia, yasimwagwe ukingoni.

---

Gabioni_Fundi amejibu:

Viroba vya kawaida vya mchele jua litavimaliza ndani ya miezi michache, kisha utakuwa unaokota plastiki baharini. Vitumie tu kuvuka bamvua hizi. Ukifika wakati wa mawe, kina cha kitako usikipime sasa. Kipime mwishoni mwa kusi, bamvua ikikupwa, ufukwe ukiwa umeshuka kabisa: mawe ya chini yaanzie chini ya usawa huo. Wengi wanachimba Februari mchanga ukiwa umejaa, wanadhani mita moja inatosha, Agosti kitako kinaning'inia.

---

Mpima_Pwani amejibu:

Na minazi usitegemee ishike mchanga, mizizi yake haitoshi. Acha yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau juu ya alama ya maji kujaa, na mwambie mfagiaji asiyang'oe wala asiondoe mabaki ya mwani. Mchanga unaopeperushwa unanasa hapo. Anza na vipimo vya fito bamvua ijayo.