Mume wangu ana akromegali: je, sindano kabla ya upasuaji ni kucheleweshwa tu?

Mke wa Fundi (mwanzisha uzi):
Habari zenu wanajukwaa. Mume wangu, mwenye umri wa miaka 46, amegundulika kuwa na akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini, baada ya miaka mingi ya kupanda saizi za viatu bila sisi kushtuka; hata pete ya ndoa iliishia kukatwa kwa msumeno mdogo. Picha ya MRI imeonyesha uvimbe wa milimita 18 kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao haujagusa neva za macho. Tulitarajia upasuaji wa kupitia puani mara moja, lakini daktari wa homoni anataka kwanza achomwe oktreotidi, sindano ya kupunguza homoni hiyo, kila baada ya siku 28 kwa miezi mitatu. Shemeji yangu anasema tunazungushwa. Naombeni ushauri.

Kidole Kinene:
Pole sana dada. Mimi nilipasuliwa bila sindano yoyote, ila uvimbe wangu haukufika milimita 10, kwa hiyo usinifanye kipimo chenu.

Nesi wa Usingizi:
Kabla ya kumlaumu daktari, nikuulize: anakoroma, na pumzi hukatika akiwa amelala?

Mke wa Fundi:
Kila usiku. Hunyamaza ghafla mpaka nimtikise bega.

Nesi wa Usingizi:
Basi jibu huenda liko hapo. Homoni ya ukuaji ikizidi, ulimi na nyama za koo hunenepa, na kazi ya kupitisha mpira wa kupumulia wakati wa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi huwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe unavyoonekana kwa ndugu waliokaa nje. Dawa hupunguza uvimbe wa nyama hizo, ingawa mifupa iliyokwisha kukua hairudi. Mwongozo wa mwaka 2014 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, haupendekezi dawa hizi kwa kila anayesubiri upasuaji, lakini unawataja wenye koo lililonenepa sana na kukatika pumzi usingizini, au moyo ulioshindwa kazi.

Msomaji wa Majarida:
Naongezea kwa tahadhari. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 62, ulionyesha kuwa waliotangulizwa oktreotidi kwa miezi sita, hasa wenye uvimbe mkubwa, walikuwa na IGF-1 (kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha homoni ya ukuaji) ya kawaida kwa wingi zaidi kuliko waliopasuliwa moja kwa moja, miezi mitatu baada ya upasuaji. Tatizo ni kwamba sindano ya muda mrefu huchelewa kuisha mwilini, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kumsifu daktari wa upasuaji kwa kazi iliyofanywa na dawa. Mwulizeni watapima lini, na watarudia lini.

Kidole Kinene:
Na mjiandae kwa kuharisha na tumbo kusokota siku za mwanzo. Sukari ipimwe, kwa kuwa inaweza kuyumba, na mfuko wa nyongo uangaliwe kwa sababu ya vijiwe.

Mke wa Fundi:
Asanteni. Kumbe hakuna aliyemwuliza habari za kukoroma mbele yangu; nitalisema mwenyewe kwa daktari wa dawa ya usingizi, na shemeji nitakwenda naye asikie.