Mjadala: Ndege ya Rais iuzwe, au ibaki na tusomewe hesabu zake?

Mleta mada (Uyole, Mbeya):

Wakuu, kila foleni ya malori inapofunga njia kati ya Igawa na Tunduma, kuna mtu atauliza kwa nini serikali isiuze ile Gulfstream G550 ijenge barabara. Tuijadili basi, bila matusi.

Msimamo wangu: isiuzwe, ila matumizi yake yasomwe hadharani.

Najua kwa nini ndege hii inachoma mioyo. Ilinunuliwa enzi za Mzee Mkapa kwa bei iliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 40, na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Basil Mramba, anakumbukwa mpaka leo kwa kauli kwamba itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Kauli ile iliumiza kuliko bei yenyewe. Mkulima wa viazi aliyekuwa anahangaika na mbolea aliambiwa shida yake haihesabiki.

Lakini tutazame chombo chenyewe. Kinaruka takriban kilomita 12,500 bila kutua, yaani Dar hadi London kinafika na mafuta yanabaki. Jeshi la Anga la Marekani wanacho, wanakiita C-37B, na Israeli wamekigeuza kuwa ndege ya rada. Kiongozi wa nchi anahitaji kufika mbali salama, akiwa na mawasiliano yake na watu wake, na sioni aibu katika hilo.

Jirani zetu ng'ambo ya Kasumulu walishaujaribu huo uuzaji. Malawi ilinunua Falcon 900EX mwaka 2009 chini ya Bingu wa Mutharika, kelele zikawa nyingi, na mwaka 2013 serikali ya Mama Joyce Banda ikaiuza kwa dola milioni 15. Tarehe 10 Juni 2024 Makamu wa Rais Saulos Chilima na wenzake wanane wakafa msituni Chikangawa, ndani ya Dornier 228 ya jeshi. Tusiupite msiba ule haraka haraka.

Mdau wa Kihesa, Iringa:

Kamwene. Mkuu, hapo kwa Malawi umechanganya mambo. Marehemu Chilima alikuwa anatoka Lilongwe kwenda Mzuzu, safari ya ndani, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Jeti la kuvuka bahari halikuwa chombo cha safari ile hata kama lingekuwepo. Ukitaka kiongozi awe salama huku kwetu, tengeneza viwanja, weka taa na vifaa vya hali ya hewa, na umpe rubani mamlaka ya kukataa kuruka bila kuogopa kufukuzwa kazi. Mimi nasema iuzwe. Safari za nje apande ndege ya shirika kama abiria wengine.

Muuguzi mstaafu, Mbeya:

Wanangu, mimi nina ombi la tatu. Nimesindikiza wagonjwa kwenda Muhimbili kwa barabara: mteremko wa Inyala, Makambako, kisha Kitonga usiku. Kilomita zaidi ya 800 na mgonjwa kwenye oksijeni. Uwanja wa Songwe una njia ya kurukia ya kilomita 3 na zaidi, tangu 2012 unapokea ndege kubwa. Italia, ndege za jeshi zinazobeba viongozi ndizo hizo hizo zinazobeba watoto mahututi, na hakuna anayeona kiongozi ameshushwa hadhi. Kwa nini kwetu ndege za serikali zisubiri kiongozi tu?

Mleta mada:

Mdau wa Kihesa, kuhusu Chilima nakubali hoja ya rubani, na ningependa iwe sheria. Ila kumpandisha Rais ndege ya abiria kuna gharama yake: walinzi, ratiba ya watu wengine kuvurugika, na safari ya dharura haisubiri tiketi.

Mama, ombi lako limenigusa. Nina shaka moja tu: kutoka Songwe hadi Dar kwa anga ni kama kilomita 700, na G550 kwa umbali huo ni kuchoma mafuta ya bure. Ndege ndogo ya pangaboi yenye mlango mpana wa machela ingefaa zaidi. Mgonjwa wa kupelekwa India, hapo nakuunga mkono kabisa.

Na hapa ndipo ninaposimama. ATCL, shirika letu la ndege, tunaijadili kwa ushahidi kwa sababu CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliandika kwamba mwaka 2022/23 ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64. Mwenye kuitetea anaitetea, mwenye kuilaumu analaumu, wote wakiwa na karatasi ile ile mkononi. Kwa ndege ya Rais, nani kati yetu anaweza kutaja saa ilizoruka mwaka jana? Siombi ratiba ya Rais ijayo, hiyo ni ya usalama. Naomba ya mwaka uliokwisha: saa zilizorukwa, safari za ndani ngapi na za nje ngapi, gharama ya matengenezo, na siku ilizokaa chini.

Wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaweza kuliuliza hilo swali bajeti ikisomwa. Wenye namba zao, wapelekeeni. Wengine endeleeni kuchangia, hasa mliofanya kazi viwanjani Songwe na Nduli.