Foliki asidi: akianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, bado inazuia mgongo wazi?

Mhudumu_Kasulu
Habari zenu wakuu. Akina mama wengi huku wanaanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, ndipo wanapewa FEFO (vidonge vya madini chuma na foliki asidi). Je, bado inakinga mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga? Na aliyeambiwa aanze kabla ya mimba, dukani anakuta kidonge cha foliki cha 5 mg tu. Akikate?

Muuguzi_Urambo
Dada, kwa mgongo wazi anakuwa amechelewa. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Ukihesabu tangu hedhi ya mwisho ni kama wiki ya sita, yaani hedhi imechelewa wiki mbili tu na wengine bado wanadhani ni mabadiliko ya kawaida. Kwa hiyo dozi ni 0.4 mg kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Siku nzuri ya kumwambia ni ile anayokuja kutoa kijiti cha uzazi wa mpango au kusema sindano basi. Wa miezi minne naye asiache FEFO, damu anaihitaji sana.

Mfamasia_Kigoma
Kukata hakusaidii: robo ya 5 mg ni 1.25, bado mara tatu ya kinachotakiwa. Aulize chenye 0.4 mg (kopo huandikwa pia mikrogramu 400), au FEFO yenye madini chuma 60 mg na foliki 0.4 mg. Asome lebo, zinatofautiana.

Halafu kuna jambo linalosahaulika sana mikoa yetu hii ya malaria. Foliki ya 5 mg inapunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria anayomezeshwa kliniki. Ile ya 0.4 mg haina shida, anameza vyote. Akikutwa na 5 mg, amwonyeshe muuguzi kabla ya kumeza SP.

Lishe_Tabora
Chakula kisiachwe ila hakitoshi peke yake. Maharage, kunde, mchicha na matembele vina foliki, lakini inayeyuka kwenye maji: ukichemsha mboga muda mrefu ukamwaga maji, umemwaga na foliki. Ichemke kidogo, kwa maji machache, na mchuzi uliwe. Ugali wa muhogo hauna foliki ya maana, na unga wa mashine ya kijijini haujaongezwa kitu. Ngano ya kiwandani huongezwa, tazama mfuko.

Mhudumu_Kasulu
Asanteni sana. Na aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi?

Mfamasia_Kigoma
Huyo ndiye wa dozi kubwa, 4 hadi 5 mg kila siku, kwa cheti cha daktari na kabla ya mimba. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha 4 mg ilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa naye amwone daktari mapema, hasa wa valproate, maana dawa yenyewe inaongeza hatari. Asiiache ghafla, degedege likirudi ni hatari kwake na kwa mtoto. Daktari ndiye ambadilishie kabla hajashika mimba.

Muuguzi_Urambo
Na wakikulalamikia kichefuchefu na choo cheusi, hayo ni ya madini chuma. Ameze usiku baada ya chakula, chai isubiri saa moja au mawili.