Kijiji cha Clash of Clans kimevurugika na nina mpaka Ijumaa, naombeni ushauri

Mtu_wa_Mbagala: Wakuu habari za usiku. Wanaolijua gemu la Clash of Clans naombeni msaada maana usingizi sipati. Kijiji kilikuwa TH9 (Town Hall, yaani jengo kuu, ngazi ya 9) kimekaa vizuri kabisa, nikapandisha TH10, haijatulia nikapandisha TH11, sasa kila nikifungua nakuta nimeshapigwa, dhahabu imebebwa, eliksa imebebwa. Mizinga bado ni ile ile ya TH9, mafundi wote watano wako kazini na wa kwanza kumaliza ni Ijumaa jioni. Nianze na kuta au ulinzi ili kirudi kwenye hali yake? Muda ninao, nacheza kwenye daladala Mbagala mpaka Posta kwenda na kurudi.

FundiKuta: Umerashi mkuu, yaani umepandisha TH kabla vingine havijakua, pole. Kwanza elewa TH ikishapanda haishuki, hakuna kurudi. Kuta achana nazo kwa sasa, TH11 ina vipande 300, utamwaga dhahabu mpaka uzeeke. Anza na maabara, kambi za jeshi, ngome ya klani (kundi lako la wachezaji), halafu mashujaa, maana kijiji kilichorashiwa kinaishi kwa kuvamia, kulinda hakiwezi. Na mali usiilaze. Ukitoka kuvamia na fundi yupo, tumia yote ndo uzime simu. Ukipigwa kuanzia asilimia 30 unapewa ngao ya masaa 12, hakuna wa kukuvamia, basi lala nayo.

MamaWawili: Hili gemu nalijua vizuri japo sijawahi kulicheza. Mume wangu usiku wa manane nakuta kakaa kitandani macho kwenye simu, namuuliza nani kafariki, ananiambia vita ya klani imebaki dakika ishirini na ana ataki moja hajatumia. Kumbe vita yenyewe siku nzima ya kujiandaa na siku nzima ya kupigana, kila mtu ataki mbili, na yeye zote anaziacha mpaka saa nane usiku mtoto akiwa ndo kwanza kalala. Siku hizi nimekuwa mimi ndo namkumbusha mchana, baba fulani umeshapiga?

Mzee_wa_Temeke: Vijana mnajenga vijiji kwenye simu, kwenu kijijini hata choo cha babu hamjaezeka. Kwenye daladala soma hata gazeti.

Dada_Kigamboni: Mzee mwache. Mi nauliza, Ijumaa kuna nini? Gemu halina mtihani.

Mtu_wa_Mbagala: Ijumaa kuna mtu anakuja anataka kukiona. Tuendelee na ulinzi tafadhali.

Dada_Kigamboni: Mtu gani? Kijiji ni chako?

Mtu_wa_Mbagala: Ni cha mdogo wangu. Yuko bodingi Iringa, simu haruhusiwi, alivyoondoka akaniachia nimtunzie. Alinichorea kwenye karatasi ya daftari kila jengo na namba yake, kuta zote 250 kwanza, na chini kaandika kwa peni nyekundu "kaka TH usiguse". Nimegusa. Na jemu (vito vya gemu) 1,840 alizokuwa anakusanya kwa kukata vichaka na kuvunja mawe, alikuwa anasubiri zifike 2,000 anunue fundi wa tano, nilizitumia kuharakisha. Ila nilifanya kwa nia njema, nilitaka akute kijiji kikubwa. TH11 ina shujaa Grand Warden, yeye hajawahi hata kumshika.

MamaWawili: Peni nyekundu jamani 😭

Kibopa_Mwenge: Chai hii, tena ya rangi. Soma bandiko la kwanza, "mafundi wote watano wako kazini". Halafu dogo alikuwa anakusanya jemu za fundi wa tano. Huyo wa tano katokea wapi? Mnalizwa na mtu aliyekaa zake anatunga.

Dada_Kigamboni: Eh. Kweli bwana. Mleta uzi jibu.

Mzee_wa_Temeke: Nilisema mimi.

Mtu_wa_Mbagala: Situngi. Wa tano ni yule fundi goblini wa muda, anayekuja kwenye ivent halafu anaondoka. Vibanda vya dogo ni vinne. Ningekuwa natunga ningejipa sura nzuri.

FundiKuta: Hapo kasema kweli, goblini yupo, hata mimi nilimtumia. Kibopa tulia.

Kibopa_Mwenge: Sawa, nimekuelewa. Samahani mkuu. Ila karatasi ningependa kuiona.

Mtu_wa_Mbagala: Karatasi siweki, ina jina lake na shule. Na niwaambie lingine. Kuna jamaa Kariakoo ana kijiji TH9 kimejaa kila kitu, anauza laki na ishirini, nimeshatanguliza elfu hamsini. Nampa dogo hicho. Mnaona kuna ubaya gani, kitakuwa kizuri kuliko cha mwanzo.

FundiKuta: Usimalizie hiyo hela! Kuuza na kununua akaunti ni kinyume na masharti ya Supercell, wenye gemu, wakigundua wanafunga. Na hata wasipogundua, mwenye barua pepe ya mwanzo anaweza kukidai baada ya mwezi, hapo dogo atakuwa amepoteza viwili.

Dada_Kigamboni: Halafu dogo atajua dakika ya kwanza. Mtu aliyepanga kuta 250 kwa mkono wake hajui kijiji chake?

Mtu_wa_Mbagala: Jamaa anasema hela hairudi.

MamaWawili: Acha iende baba. Mtoto mwambie mwenyewe, kabla hajashika simu.

*Ijumaa*

Mtu_wa_Mbagala: Nipo stendi Mbezi, basi bado. Ile sabini iliyobaki sijaipeleka. Tangu juzi navamia tu, ghala la dhahabu limejaa na ngao inasoma masaa tisa. Fundi wa kwanza kamaliza maabara saa kumi na moja, yuko huru, sijampa kazi. Karatasi ninayo mfukoni. Basi la Iringa ndo linaingia.