Ukaazi wa kudumu Uingereza: je, serikali ilikosea kuziondoa kadi?

Wakuu, nina hoja. Wengi wetu tuna ndugu wauguzi, mainjinia na watunza wazee kule Uingereza, na wengine humu ndio wenyewe.

Kadi nyingi za BRP, zile za plastiki za kibali cha ukaazi, ziliandikwa kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2024. Hata za watu wenye ukaazi wa kudumu, ambao hauna tarehe ya mwisho, zilibeba tarehe hiyo hiyo. Serikali ilikuwa inahamia kwenye viza ya kielektroniki: rekodi yako inakaa kwenye akaunti ya mtandaoni, imeunganishwa na paspoti yako, na mwajiri au mwenye nyumba unampa namba maalumu inayodumu siku 90. Ukipata paspoti mpya, ni juu yako kuingia kwenye akaunti ukarekebishe.

Msimamo wangu ni kwamba walikosea. Mtandao uwepo, siupingi, lakini mtu mwenye haki isiyo na kikomo awe pia na kitu cha kushika mkononi. Tuliyaona ya kizazi cha Windrush, watu waliohamia kutoka Karibi kati ya 1948 na 1973. Haki ya kuishi walikuwa nayo, makaratasi wengi hawakuwa nayo, na kadi za kuwasili ambazo zingewasaidia kujitetea Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza yenyewe iliziharibu mwaka 2010. Ilipofika 2018 ikajulikana kwamba wazee waliotumikia nchi ile maisha yao yote wamepoteza kazi, wamenyimwa matibabu, wengine wamefukuzwa nchini. Waziri wa wizara hiyo, Amber Rudd, akajiuzulu. Leo wizara ile ile ndiyo inayotunza ushahidi wote, na sisi tunatakiwa tutulie.

Watanzania jambo hili linatubana zaidi. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaweza kuchukua uraia wa Uingereza na wa kwao akabaki nao. Mtanzania mtu mzima akiuchukua, wa nyumbani anaupoteza. Ndiyo maana wapo wanaozeeka na ukaazi wa kudumu tu. Karibuni.

Muuguzi, Leeds: Mleta mada, kwa heshima zote, napinga. Mimi niliibiwa pochi Mwanza nikiwa likizo, BRP ikiwa ndani. Ikabidi niombe viza ya kuingia mara moja ili nirudi kazini, nalipia, nasubiri, na zamu zangu zinapita. Rekodi ingekuwa mtandaoni ningepanda ndege yangu ya siku ile ile. Kadi unayoililia ndiyo iliyonikwamisha.

Dar es Salaam: Dada, pole, lakini sikia na hili. Januari 2025 nilimsindikiza mama mdogo uwanja wa ndege. Mhudumu wa kaunta akaigeuza kadi, akaweka kidole kwenye tarehe, akasema imeisha. Mama akafungua akaunti, nayo ikataka namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini yake ya Uingereza, ambayo hapa haishiki mtandao. Wakati huo mashirika ya ndege yalikuwa yameruhusiwa kuzipokea kadi zilizopita tarehe, ila yule kijana hakuambiwa. Alipigiwa simu msimamizi, mama akaingia wa mwisho.

Mkenya, mtunza wazee: Ndugu zangu, mnabishania kadi na wengine huo ukaazi hatujaufikia. Nilienda nikijua unauomba baada ya kuishi kule miaka 5. Mei 2025 serikali ikasema inataka iwe 10, na Novemba ikapendekeza 15 kwa sisi wa kazi zisizohitaji digrii, pamoja na tulioko ndani tayari. Ada ya maombi peke yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029. Anayekuja kesho mwekee sharti atakalo, aamue kuja au kubaki. Mimi nimeshauza shamba.

Mleta mada: Dada wa Leeds, hoja yako nimeipokea: kadi peke yake haitoshi. Lakini shida yako ilitokana na kadi kuwa ushahidi pekee, na ya mama mdogo ilitokana na simu kuwa ushahidi pekee. Ujerumani mwenye ukaazi wa kudumu hupewa kadi. Kadi ile ina tarehe, ikiisha anapewa nyingine, na haki yake haihojiwi upya. Uingereza ingeweza kufanya hivyo na akaunti ikabaki pale pale.

Ndugu yetu Mkenya, lako ni zito kuliko langu, nalo naliunga mkono moja kwa moja: aliyeingia kwa masharti ya miaka 5 amalizie hiyo 5.

Na wenye muhuri wa ukaazi kwenye paspoti za zamani, ambao hamkuwahi hata kuwa na BRP: kuna aliyekwisha kuomba rekodi yake ihamishiwe mtandaoni? Walimdai ushahidi gani wa miaka ya nyuma?