Uchumi wa shule na umri wa kuanza ngono: athari ya shule naitenganishaje na ya nyumbani?

Kigeu:
Wakuu, nina data ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 18 kutoka shule 42, takriban wanafunzi 35 kila shule. Shule zenye watoto wengi wa familia maskini zina asilimia kubwa zaidi ya waliokwisha kuanza ngono. Je, ni shule yenyewe, au ni watoto ambao hata wangesoma kwingine wangeanza mapema vilevile? Nimetumia rigresheni ya logistiki ya kawaida (modeli ya jibu la ndiyo/hapana: ameanza au bado) na kuingiza elimu ya wazazi. Inatosha?

Mizani:
Haitoshi, mkuu. Rigresheni hiyo inawahesabu wanafunzi wa shule moja kana kwamba hawana uhusiano wowote, hivyo makosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) yanatoka madogo mno na kigeu cha shule kinaonekana kina nguvu ambayo hakina. Tumia modeli ya ngazi mbili, yaani wanafunzi ndani ya shule zao.

Anza na modeli tupu, isiyo na kigeu chochote. Chukua mtawanyiko wa ngazi ya shule (kiasi shule zinavyotofautiana), uugawanye kwa jumla ya mtawanyiko huo na 3.29, ambayo ndiyo mtawanyiko wa ngazi ya mwanafunzi kwenye modeli ya logistiki. Ukipata mtawanyiko wa 0.30, basi shule zinabeba kama asilimia 8 ya tofauti yote. Kisha ingiza elimu ya wazazi na mali ya kaya ya kila mwanafunzi, na baada ya hapo ndipo uweke wastani wa shule wa vigeu hivyo. Ukiutanguliza wastani, utabeba mambo ya nyumbani.

Wengi hukwama hapa: kama kwenye thamani ya kila mwanafunzi umeondoa wastani wa shule yake, athari ya shule ni namba ambayo modeli inakupa kwa wastani wa shule *kutoa* ile inayokupa kwa mwanafunzi. Kama umeondoa wastani wa sampuli nzima, namba ya shule ndiyo athari yenyewe. Na kwa shule 42, usiweke zaidi ya vigeu viwili au vitatu vya ngazi ya shule.

Dodoso Safi:
Naongezea kuhusu umri. Ndiyo/hapana inamchanganya wa miaka 13 ambaye bado na wa 18 ambaye bado, na hao hawalingani hata kidogo. Panga data mstari mmoja kwa kila mwaka wa umri. Mwanafunzi anaishia mwaka alioanza, na ambaye hajaanza anaishia umri wa siku ya mahojiano. Ondoa miaka ya kabla hajaingia shule hiyo. Aliyeanza kabla ya kufika hapo hakusukumwa na shule hiyo.

Swali la kulazimishwa liwe peke yake. Aliyebakwa hakuchagua kuanza, na kumweka kapu moja na wengine ni kumkosea yeye na kuharibu matokeo.

Halafu walioacha shule. Msichana aliyepata mimba na kuacha masomo hayumo darasani siku ya dodoso. Shule inayopoteza wengi hivyo itaonekana salama kuliko ilivyo.

Mizani:
Kweli kabisa. Pia wastani unaotokana na wanafunzi 35 unayumba, na kuyumba huko huifanya athari ya shule ionekane ndogo. Utafiti wa Add Health wa Marekani, unaofuatilia afya ya vijana, ulioanza 1994, uligawa dodoso fupi darasani kwa wanafunzi zaidi ya 90,000, na waliohojiwa nyumbani walikuwa 20,745. Maswali nyeti huko waliyasikia kwa vipokea sauti na kujibu wenyewe kwenye kompyuta, mzazi asisikie.

Usiingize mtazamo wa marafiki wala matarajio ya masomo kwenye modeli ya kwanza. Huenda ndizo njia ambazo shule inapitia. Ukizidhibiti unafuta unachokitafuta.

Kigeu:
Nimeelewa. Wavulana na wasichana niwatenganishe?

Dodoso Safi:
Ndiyo, tangu modeli ya kwanza. Wavulana huelekea kuongeza chumvi, wasichana huficha, na kiasi cha kuficha kinaweza kutofautiana kati ya shule na shule. Mtaa wanaoishi unao? Kama wa mtaa mmoja wanasoma shule tofauti, mweke mwanafunzi ndani ya shule na ndani ya mtaa kwa pamoja, la sivyo umaskini wa mtaa utahesabiwa kuwa wa shule.